Mnyaa Nilioupanda kwa Daudi

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya nilipoondoka kwetu Nangara, Babati, kwenda kumchukua mwanangu Daudi. Alizikwa zamani katika mji mdogo wa pwani, jirani na Dar es Salaam, alikokuwa akivuna chumvi. Mama Zuhura, aliyempangisha chumba, alituma barua: Dar inatanuka, makaburi ya wageni yanahamishwa, kila mwenye mtu wake aje amtambue. Nyumbani tukachimba shimo la kumzika upya, kando ya kaburi la baba yake.

Kumtambua sikuona kazi. Siku ya maziko, kwa kuwa kuandika sijui, nilichomeka kichwani pake tawi la mnyaa nililotoka nalo Babati. Kwetu ndiyo alama ya mpaka wa boma. Mbuzi hawauli, jua haliuui, na tawi ukilichomeka linaota. Makaburini pale hapakuwa na mnyaa mwingine.

Alfajiri nilipanda basi la Arusha, kisha la Dar. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikafika. Mji niliouacha na njia moja ya mchanga sasa ni kuta na mageti. Palipokuwa na chumvi pana matofali. Nikawaulizia Shomari, Athumani na Pius, waliochimba kaburi.

"Shomari na Athumani wamekufa," akasema Mama Zuhura. "Pius kauza kiwanja, kahama. Majina yote haya unayaweka wapi, Mama Daudi?"

"Kichwani. Daftari sina."

Saa sita tukafika makaburini. Kila kaburi lilikuwa limezungushiwa minyaa, mirefu kunipita.

"Mbuzi walitusumbua huku makaburini," akasema Mama Zuhura polepole. "Nikakata tawi kaburini kwa Daudi, nikampa jirani. Jirani naye akampa mwenzie."

"Na ule wenyewe?"

"Siukumbuki tena. Nilidhani ukija utaujua."

Nilizunguka mpaka saa kumi, nikishika shina moja moja. Msimamizi wa kazi, baba mmoja aitwaye Kassimu, akanifuata.

"Shikamoo Bibi. Ni lipi?"

"Marahaba. Sijalijua."

"Leo ndiyo mwisho. Yasiyo na mwenyewe yanaingia shimo moja. Chagua lolote, Bibi, nani atajua?"

"Mama yake huyo nitakayemchukua," nikamwambia. "Akija kesho, nimwambieje?"

Nikasimama katikati ya minyaa ile, nikasema, "Daudi, nilikuja." Basi.

Niliporudi Nangara, ndugu walikuwa wamekaa wakinisubiri. Shemeji yangu Gwandu akauliza, "Yuko wapi?" Nikakunjua kitenge nilichokwenda nacho kumfungia mifupa yake. Hakikuwa na kitu. Wakashika majembe, wakalifukia shimo tupu, na hakuna aliyejua aimbe nini.

Nilichojifunza ni kidogo, na hakimsaidii mtu tena. Ningeweka jiwe. Jiwe hakuna anayeliomba tawi.