Goti Nililolitaja kwa Kaka Yangu

Kila mwaka, ligi ya vyuo ikikaribia kuanza, familia yetu hukaa Ijumaa baada ya chakula na kuwalinganisha vijana wawili kama watu wanaochagua mbuzi wa Idi. Imebaki kuwafungua midomo tu tuwatazame meno. Mmoja ni mtoto wa dada yangu, anachezea chuo cha ufundi. Wa pili ni mtoto wa kaka yetu mkubwa, anachezea chuo cha biashara. Wote washambuliaji, wote mwaka wa mwisho, wote wamekulia sinia moja. Vyuo vyao haviivi chungu kimoja, lakini wao wenyewe hawana neno. Wenye neno ni sisi.

Na katika hao sisi, mimi niko mbele. Chuo sikukiona. Nilimaliza skuli ya thanawiya nikakaa nyumbani, na nyumbani nimekukalia sawasawa. Nnakaa Mawaleh, na dada yangu yuko Darsait, hapahapa Maskati. Kwangu mimi hiyo ni safari ya kuagana na watu. Ndiyo maana chakula cha Ijumaa huliwa kwangu, kwa sababu mimi siendi kwa mtu. Uwanjani sijatia mguu. Mechi zote naziona kwenye simu, nimelala ubavu, mto chini ya kwapa, na hapo ndipo ninapowafokea makocha wenye vyeti vyao. Kaka yangu hunita kocha wa godoro. Sikatai. Timu ya godoro haijawahi kufungwa.

Jambo moja kaka yangu hakulijua. Tangu joto lilipoanza, mtoto wa dada alikuwa akija kwangu alasiri kukandwa goti la kushoto. Nilikuwa nikipasha mafuta ya simsim na kitunguu thomu, namkanda, naye ameuma ncha ya mto.

"Khaloo, usimwambie mtu," alinambia mimi dada wa mama yake, siku ya kwanza. "Kocha akijua ananiweka nje, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho."

Nikamjibu kwamba mimi sitoki nyumbani, nitamwambia nani? Nilijiona nimesema neno la maana. Nilimwambia pia aende hospitali, lakini nilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa, maana nilipenda zile alasiri zake.

Ijumaa hiyo sinia liliondolewa, ikaja kahawa na tende. Kaka yangu ana bohari Rusayl, na kila kitu duniani kwake ni shehena ya kupimwa na kubandikwa bei. Akaanza kumpima mwanawe: kasi anayo, mguu wa kulia anao, wa kushoto anao, kichwa anacho. Kijana mwenyewe alikuwa kainama anahesabu maua ya zulia. Nikasema nusu ya magoli ya mwanao ni penalti. Akauliza tangu lini penalti ikawa si goli. Nikasema tangu ilipoanza kupigwa na mtu aliyejiangusha mwenyewe. Watu wakacheka, na mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Kisha akatoa simu. Alikuwa na video ya mazoezi ya chuo cha ufundi, sijui kaipata wapi. Mtoto wa dada anaufukuza mpira, anakaribia kuupata, halafu anauacha. Kaka akairudisha mara tatu na kuipitisha simu mkono kwa mkono.

"Mtazameni. Mzee kaachwa na basi."

Wakacheka. Hata mimi kicheko kilinifika kooni, na hilo mpaka leo sijajisamehe. Mtoto wa dada alikuwa kakaa karibu na mlango, mguu kaunyoosha, anatabasamu tabasamu la mtu anayesubiri yaishe. Mama yake anakusanya kokwa za tende. Dada yangu hajapata kumjibu kaka mkubwa tangu azaliwe.

"Leo kocha wa godoro hana jibu," akasema kaka.

Jibu nilikuwa nalo. Hiyo ndiyo balaa yenyewe.

"Ana goti," nikasema. "Miezi mitatu anacheza na goti bovu na bado mabeki wenu hawamwezi. Wako wewe akipitiwa na upepo wa feni anaanguka."

Nilishinda. Kaka yangu alitia simu mfukoni, na kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa nilikuwa bingwa wa Maskati nzima. Halafu nikatazama mlangoni. Mtoto wa dada alikuwa anaukunja mguu polepole, anauficha chini ya kanzu, kana kwamba bado kuna cha kuficha.

Kaka akamgeukia mwanawe, anacheka. "Basi umeshajua pa kumgonga."

Kile kicheko cha watu kikarudi. Mwanawe akainuka, akasema anakwenda kuswali alasiri, na alasiri ilikuwa bado. Damu ilinipanda. Mtu mzima mwenye mvi anamfundisha mwanawe kumvunja ndugu yake, juu ya zulia langu, na kahawa yangu mkononi! Nikamwambia avae viatu vyake. Akasema mzaha tu huo, dada. Nikamwambia avae na mzaha wake pia.

Jumapili yake dada yangu, yule asiyejibu, alimpigia simu kocha. Habari ya goti naye ndiyo kwanza alikuwa ameisikia Ijumaa ile. Hospitali wakasema ndani ya goti kumechanika, msimu mzima hachezi, na angeendelea kidogo tu angechechemea maisha yake yote.

Hapo familia ikaanza kunishukuru. Kundi letu la simu likajaa dua. Kaka akatuma sauti ndefu kwamba mimi nimemwokoa mtoto. Nilitaka kuitupa simu ukutani, ikanizuia mechi ya jioni. Nimwokoe wapi? Kama nilitaka kumwokoa, mama yake ningempigia tangu siku ya kwanza. Simu nnayo, na ndicho kitu pekee ninachokifanyisha kazi humu ndani. Miezi mitatu nilikaa kimya, nikaja kufungua kinywa siku niliyokuwa nakaribia kushindwa maneno.

Mtoto wa dada hakukanyaga kwangu wiki tano. Alipokuja, alikuja na mikongojo, akakaa palepale karibu na mlango.

"Khaloo, siku ile ulisema kwa ajili yangu, au kumshinda mjomba?"

"Kumshinda mjomba wako."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua."

Akanihadithia mechi ya kwanza ya vyuo vyao viwili. Aliitazama jukwaani, na mwenzake wa chuo cha biashara alifunga mara mbili, wala si penalti. "Kacheza vizuri," akasema. "Mwaka huu kanishinda."

Neno lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi: hata kwa mguu mmoja wewe unamzidi. Nikalimeza, likashuka kama mwiba wa samaki. Mafuta ya kumkandia daktari kayakataza. Nikaenda jikoni kuteleka chai, na huko nikaligombeza birika mpaka likachemka.