Mvua ya Mtama

Juzi nilikwenda Korogwe kununua mabati. Nyumba ya bibi kule Kwaluguru, ambayo sasa ni yangu na wadogo zangu, imeanza kuvuja upande wa jikoni, na fundi aliniambia mabati mazuri nitayapata Manundu, pale pale mjini Korogwe. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alichomoa bati moja kwenye rundo, akalishika ncha mbili na kulitikisa ili nione halina kunyanzi. Likanguruma duka zima. Nikaangua kicheko mpaka nikaegemea kaunta.

"Dada, bati linachekesha nini?"

Nikamwambia kwamba hiyo ni radi, na kwamba mimi nimesomea radi shuleni. Akaniletea kiti, akaniuliza kama nimekunywa maji tangu asubuhi. Wewe nitakueleza vizuri zaidi kuliko nilivyomweleza yeye.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa upande wa Handeni, na ilikuwa na somo ambalo shule nyingi hazikuwa nalo: sanaa za maonyesho. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kuimba na kuigiza tu. Nusu ya darasa walifanya hayo. Nusu nyingine tulikuwa watu wa nyuma, yaani wajenga jukwaa, washona maleba ya waigizaji, watu wa taa na watu wa sauti. Hakuna aliyetupigia makofi, na sisi tulijiona ndio wenye onyesho.

Mwalimu wetu wa sanaa alitokea milimani, Usambara, huko ambako nguo hazikauki na matope ndiyo adui wa kila mtu. Alikuwa mwembamba, mpole, na mfuko wa shati lake siku zote ulikuwa na misumari. Alikuwa na misemo yake. "Mwigizaji anadanganya kwa mdomo," alituambia, "ninyi mtadanganya kwa nyundo." Vifaa vya dukani hatukuwa navyo, kwa hiyo tulijifunza kutumia vilivyokuwepo. Nguzo za jukwaa zilikuwa milingoti ya mkonge, ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge ukizeeka. Ukikauka huwa mwepesi, hata msichana hubeba miwili begani. Pazia la nyuma lilikuwa magunia yaliyounganishwa kwa sindano ya kushonea magunia, na juu yake tulichora milima kwa udongo mwekundu, chokaa na masizi ya jikoni, vyote vimekorogwa kwenye uji wa muhogo ili vigande. Uji ule ulichacha, ukanuka ukumbi mzima, na panya wakala mlima mmoja wote. Taa zetu zilikuwa balbu ndani ya makopo ya maziwa. Ukitaka jioni, unafunika kopo kwa karatasi nyekundu ya nailoni, na unaomba Mungu isiungue.

Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Nilipenda kazi ile kuliko kitu kingine chochote shuleni, na nilikuwa karibu kunyang'anywa.

Ilikuwa mwisho wa kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo ya kuendelea nayo. Bibi, aliyenilea tangu mama alipofariki, alitaka niingie sayansi niwe nesi. Habari za sanaa zilimfikia, na hakuzipenda. "Ngoma nimeicheza tangu sijavunja ungo," alisema, "na sikwenda shule kufundishwa." Mwalimu alimfuata mpaka nyumbani Kwaluguru, akamsihi aje siku ya wazazi, aone kwanza ndipo aamue. Bibi alimpa uji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Nitakuja. Nikikuta mnakata viuno mbele ya watu wazima, tunarudi nyumbani na tranka lako, na huko kwenye sanaa hurudi tena." Tranka ndilo sanduku la bati tulilowekea kila kitu bwenini. Kulitoa bwenini kulikuwa na maana moja tu.

Mchezo wa mwaka ule aliutunga mwalimu mwenyewe. Ndugu wawili wamegombania mpaka wa shamba mpaka hawasalimiani. Mwishoni mvua kubwa inawakuta shambani, wanakimbilia kibanda kimoja, na humo ndani wanalazimika kuongea. Bila mvua, mchezo hauna mwisho. Mwalimu akanitazama. "Mvua ni yako."

Nilianza kwa ungo na choroko, nikazungusha. Ilikuwa kama mtu anayepepeta choroko, basi. Nikamwaga mchanga kwenye bati, ikawa kama mtu anayemwaga mchanga. Siku moja nikiwa nimelala ukumbini nikitazama kenchi, zile mbao za paa, maana ukumbi haukuwa na dari, nikajiuliza mvua hutoka wapi. Hutoka juu. Basi tukapandisha mabati mawili makuukuu kwenye kenchi, juu ya jukwaa, yakiwa yameinama kidogo, na juu yake tukaning'iniza gunia lenye matundu. Gunia lilifungwa kamba ya katani iliyoshuka hadi nyuma ya pazia, mkononi mwangu. Nikivuta kidogo, punje chache zinaanguka. Nikivuta kwa nguvu, zinamwagika, zinaviringika kwenye bati na kuangukia blanketi chini. Mtama nilipewa na bibi mwenyewe, ule uliobunguliwa, mwepesi, wenye sauti nyembamba. Alidhani ni wa somo la kilimo, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua na maelezo. Radi alipewa mwenzangu mmoja mwenye mikono mirefu, na bati lake la kutikisa.

Bado mwalimu hakuridhika. "Mtazamaji ana pua pia," alisema, akaondoka zake. Nadhani alisema tu, kama alivyozoea. Mimi nililichukua neno lile nikalala nalo.

Handeni na maji unaijua. Tulikuwa tunachota kwenye lambo, kila mwanafunzi ndoo yake moja, na mwaka ule lambo lilikuwa limebaki matope yenye nyayo za ng'ombe. Siku ya wazazi sikuoga. Maji yangu niliyaficha nyuma ya jukwaa, kwenye mlango wa upande upepo unakotokea, ambako vumbi lilikuwa linafika vifundoni. Tulifunika madirisha yote kwa mablanketi ya bwenini ili taa zetu zionekane. Nje ilikuwa saa tisa alasiri, jua linapasua mawe. Ndani palikuwa giza, na wazazi wamebanana kwenye mabenchi wakijipepea kwa kanga.

Ndugu wawili waligombana vizuri sana. Radi ikanguruma mbali. Nikamwaga maji yangu kwenye vumbi pale mlangoni, nikapanda juu ya meza, nikashika kamba. Punje ya kwanza ikaanguka, kisha ya pili, kisha kimya kidogo, kisha tatu kwa pamoja. Mwalimu alikuwa ameniambia nisiache mpaka anipungie mkono.

Kilichotokea upande wa pili wa pazia sikukiona. Nimesimuliwa na jirani yetu aliyekuja na bibi, na jirani huyu haongezi chumvi sana. Anasema punje za kwanza zilipolia juu, watu waliacha kujipepea. Walitazama paa. Halafu upepo ukaingiza ile harufu ya udongo uliolowa, na mama mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Mvua." Wote walikuwa wameshasimama.

Mimi nilisikia mabenchi yakianguka na vishindo vya miguu, nikadhani tumewafurahisha. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Kadiri nilivyovuta, ndivyo walivyokimbia. Wanawake walikwenda moja kwa moja jikoni kwa wapishi wa shule, wakachukua mabeseni, ndoo, vifuniko vya sufuria. Beseni moja lilikuwa na kabichi iliyokatwakatwa, ikamwagwa mkekani. Wanaume walikimbilia baiskeli na pikipiki zao. Mkuu wa shule, aliyekuwa mstari wa mbele pamoja na wageni rasmi, alitoka kufunga vioo vya gari lake. Ndugu wawili walibaki kibandani wakipatana bila shahidi.

Gunia lilipoisha nikatoka kwa mlango wangu wa upande. Jua lilinipiga usoni. Wazazi wote walikuwa wamejipanga chini ya upenu wa ukumbi, kila mtu na chombo chake, nyuso juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu moja la kusingiziwa. Bibi alikuwa wa kwanza kwenye mchirizi, beseni miguuni, kiganja amekinyoosha mbele kupokea tone. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akakirudisha kiganja polepole, akakifuta kwenye kanga, ingawa kilikuwa kikavu.

Nilihuzunika. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri kuliko siku nyingine yoyote, na nilihuzunika.

Mzee mmoja ndiye aliyeanza. "Dalili ya mvua ni mawingu, jamani! Nani kati yetu aliyaona mawingu?" Watu wakapasuka kwa kicheko, wakasukumana, wakanyoosheana vidole na mabeseni yao. Bibi hakucheka. Alifuata ile harufu mpaka mlangoni kwangu, akainama, akagusa udongo uliolowa, akaunusa.

"Hapa pamelowaje?"

"Nimemwaga maji, bibi."

"Umemwaga maji." Aliyarudia maneno yale mara mbili, kama anasoma kesi.

Sikungoja kuambiwa. Nilikwenda bwenini, nikalitoa tranka, nikalikokota mpaka kivulini alipokuwa ameketi. Mwalimu alikuwa amefika kabla yangu, misumari mfukoni, anaomba radhi. Shikamoo yake aliitoa mara tatu. Bibi alimkata katikati.

"Mwalimu, kwenu mnachezea mvua?"

"Kwetu, bibi, tunaomba ikatike."

Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia kwamba fulani hana akili timamu toka utotoni. Kisha akanigeukia.

"Wewe mtoto. Maji uliyatoa wapi?"

"Ni yangu ya kuoga."

"Kwa hiyo hujaoga."

"Sijaoga, bibi."

Alikuwa anachezea kufuli la tranka langu, analifunga na kulifungua. Nilisimama pale nikiwa na uhakika kwamba nimekuwa nesi.

"Mbingu imenidanganya mara nyingi," alisema hatimaye, akimwambia mwalimu lakini akinitazama mimi. "Mawingu yanakuja, yanapita. Nimezoea. Lakini mtu kunidanganya kuhusu mvua, hajazaliwa. Nilikuwa nadhani hajazaliwa." Akasimama, akajikung'uta kanga. "Rudisha tranka lako ndani, mke mwenzangu. Halafu tafuta maji ukaoge, unanuka. Na maji ya kunusisha watu usimwage tena."

Mke mwenzangu ndilo jina aliloniita akiwa amefurahi. Nilibeba tranka lile peke yangu, na sikusikia uzito.

Kuanzia hapo habari ile ikawa mali yake. Alihadithia visimani, misibani, kwenye foleni za zahanati, na kila alipohadithia mabeseni yaliongezeka. Kwenye hadithi yake mkuu wa shule alitoka na ndoo.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda Dar, na mpaka leo kazi yangu ni taa na sauti kwenye kumbi. Mwalimu alihamishwa, akarudi huko kwenye matope yao, na somo likafa baada yake kwa sababu hakupatikana wa kulishika. Ukumbi wa shule umewekwa dari na vioo. Sijui milingoti yetu ilikwenda wapi, pengine wapishi waliichoma. Siku hizi mvua yangu imo ndani ya kompyuta, nina ya rasharasha na ya upepo, nabonyeza tu. Inasikika safi kuliko ule mtama. Watazamaji wanakaa kwenye viti vyao wakiwa wamepakata simu, na sijaona hata mmoja akitazama paa. Siwalaumu, maji yanatoka bombani kwao. Lakini ile jamii ya watu wanaosimama kabla hawajafikiri, kwa sababu punje tatu zimelia juu ya bati, naiona inapungua kila mwaka, na ninaikumbuka kuliko makofi yote niliyosikia.

Bibi aliugua mwishoni mwa kiangazi kimoja. Nilichukua ruhusa kazini nikaenda kukaa naye Kwaluguru. Macho yalikuwa yamekwisha, ila masikio alibaki nayo. Adhuhuri moja ya joto kali aliniambia, "Nifanyie ile mvua." Nikamwambia sina vifaa. Akasema ungo uko nyuma ya mlango, mtama uko kwenye mtungi, bati liko kwenye banda la kuku, na kama nimesahau kazi nimwambie aite nesi.

Nikalileta bati, nikaliegemeza ukutani karibu na kitanda chake, nikaanza kudondosha punje kutoka kwenye ungo. Moja. Ya pili. Kimya kidogo. Kisha nikaachia. Alisikiliza akiwa amefumba macho, vidole vikitembea juu ya shuka.

"Hiyo ni ya vuli," alisema. "Nenda kakinge."

Sijui kama alikuwa ananitania au aliamini. Sikumuuliza. Nilichukua ndoo, nikatoka nayo kwenye jua, nikaitega chini ya upenu. Niliporudi ndani aliniuliza kama inajaa.

Nikamwambia inajaa.