Shamba la Baba Katika Rangi Nyekundu

Ramani ilipokamilika kwenye kompyuta yangu, ofisini Gongoni, kitu cha kwanza nilichotafuta ni shamba la baba. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha ni wapi wilayani Nzega udongo unafaa kwa pamba, si kuchungulia kwetu. Lakini nilikuza picha mpaka Puge, kijijini kwetu, nikalipata. Jekundu. Kijani maana yake panafaa, njano panafaa kwa shida, nyekundu hapafai.

Nilirudia hesabu zote: picha za setilaiti, mvua, mwinuko, sampuli za udongo. Sikuona kosa. Na baba amelima pamba pale tangu sijazaliwa. Sare zangu za shule zilitoka pale.

Jumamosi nikaenda na chombo cha kuchukulia sampuli, chuma kirefu kinachozungushwa ardhini. Nilimkuta aking'oa miti ya pamba ya msimu uliopita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo umekuja na silaha?"

Nilimwambia napima udongo. Sikumwambia kwa nini. Upande wa juu wa shamba chuma kiligota kwenye changarawe kabla hakijazama hata kufika urefu wa kiwiko. Nikasogea, kikagota tena. Mara ya tatu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hapo hupiti. Tulijaribu kuchimba choo, mimi na mama yako, tukaacha."

"Kumbe ulijua?"

"Nalima mimi, nisijue?"

Nikamwonyesha ramani kwenye simu. Akauliza hiyo nyekundu ina maana gani.

"Hapafai pamba, baba."

Alikung'uta udongo kwenye viganja. Kisha akasema mvua zikiwa nzuri panazaa, zikikatika wiki mbili pamba inaishia magotini, na siku hizi zinakatika kila mwaka.

"Sasa kwa nini hukuacha?"

"Niache, niwe nani? Hapa watu wananijua kwa pamba."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye kuhusu udongo. Nikairudisha simu mfukoni.

Akanishika mkono, tukateremka hadi kona ya chini inayopakana na mbuga, bonde linalotuama maji. Udongo pale ni mweusi, umepasuka nyufa za kuingia vidole.

"Pima na hapa."

Chuma kilizama chote. Kwenye ramani kona hiyo nayo ilikuwa nyekundu, kwa kuwa kila mraba wa ramani yetu ulikuwa mkubwa kuliko kona yenyewe, ukameza udongo mzuri na mbaya pamoja. Niliona aibu. Mashamba mangapi mengine niliyapaka rangi bila kuyakanyaga?

Jumatatu nilimwomba mkuu wangu tusiipeleke ramani vijijini kabla ya kuihakiki kwa miguu. Alinung'unika kuhusu muda, mwishowe akakubali tuanze na Puge peke yake. Tulibadilisha rangi sehemu nyingi kuliko nilivyotegemea, nyingine kutoka kijani kwenda nyekundu.

Msimu uliofuata baba alipanda mtama juu, na pamba bondeni tu, kwenye matuta ili maji yasituame. Eneo la pamba lilikuwa dogo, lakini miti yake ilinifika kifuani. Kanisani mtu akimuuliza kama ameacha pamba, hujibu kwamba ameihamisha. Ilimchukua muda kulisema hilo bila kutazama chini.