Kitanda cha Melini

Babu yangu mzaa baba alisafiri kwa meli mara moja kwenda na mara moja kurudi, lakini nyumbani kwetu Masaki, Kisarawe, meli ile tuliishi nayo mpaka alipokufa. Ilikuwa ya Wazungu wenye nafasi zao, wanasafiri na wake zao na mbwa wao, jioni wanacheza dansi. Ilipokuja vita kuu ya pili ikapakwa rangi ya kijivu, mazulia yakang'olewa, vitanda vikatolewa, na ukumbi wa dansi ukapigiliwa ndoano darini. Babu na askari wenzake wakatundikwa humo ndani ya machela za turubai kama mikungu ya ndizi, wakapelekwa Burma.

"Waliolala chini walitapika roho zao," alikuwa akisema. "Meli inalala huku, inalala kule, machela haina habari. Imekushika, hugeuki."

Vita ilipokwisha meli ikarudishiwa mazulia yake, ikabeba matajiri tena, ikazeeka, ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Hilo aliambiwa na mwenzake wa jeshini aliyekuwa kuli bandarini. Siku hiyo babu hakula.

Mimi chuma chakavu ndicho kilichoniunguza. Nilikuwa kiwandani Zegereni, kule Kibaha, tunayeyusha vyuma. Likaja bomba limezibwa pande zote mbili. Bomba la namna hiyo linaweza kuwa na maji ndani, na maji yaliyofungiwa yakipata moto ule yanalipuka, kwa hiyo halitupwi tanuruni mpaka likatwe kwanza. Pale kila mtu anajua. Msimamizi wa zamu alijua. Akasema, "Tupeni, mnachelewesha kazi." Tukatupa. Tanuru likalipuka, likatema moto. Wenzangu wawili wamezikwa, na meneja akasema ni uzembe wetu. Sikufika mbali na shule, lakini hili naweza kuliandika: waliowaua ni msimamizi yule na meneja wake, na mpaka leo wanakunywa chai yao. Ukiniuliza kama nimesamehe, bado.

Nilirudishwa Masaki nimeungua kifua, tumbo na mapaja. Hospitali waliniambia nilale chali mpaka ngozi ishike. Haya, nani anajizuia usingizini? Kila nikipitiwa nageuka, ngozi mpya inabaki kwenye shuka. Mke wangu, mtu wa Dutumi, ananisafisha huku analia. Daktari akasema ikiendelea kuchanika hivi kidonda kitaoza, na mimi nitakwenda nacho. Nikaanza kuuogopa usingizi.

Shangazi yangu ndiye aliyekuja na turubai la kuanikia mihogo. "Nyanyuka, mwanangu. Baba, babu yako, alinifundisha kufunga machela ya melini nikiwa bado kigori." Akatoboa pembeni, akapitisha kamba, akafunga kwenye nguzo mbili za baraza.

Jirani yetu mmoja Mnyamwezi, mtani wangu, akasimamisha pikipiki uani. "Shikamoo, shangazi. Huyo mnamkausha au mnamsafirisha?"

"Marahaba. Tunamsafirisha. Wewe hatukuchukui, nyie mmezoea kwenda kwa miguu na mzigo kichwani."

"Jamani, Mzaramo kawa popo! Bwana, ukianza kula mapera ya watu usiku, tutakupopoa."

Nikacheka, kifua kikaniuma, nikamtukana. Shangazi akanitukana mimi.

Wakanilaza. Turubai likanibana mabegani pande zote mbili. Nikajaribu kugeuka, nikashindwa. Nilishikwa na usingizi mchana ule ule, nikaja kuamka kesho yake jua limeshapanda, mke wangu kaniwekea kiganja puani aone kama napumua. Akafunua kitambaa kifuani. Kikavu.

Sasa ngozi imeshika, ina mabaka lakini ni yangu. Kitandani ningeweza kurudi, sirudi. Mke wangu mwanzoni alinuna, akasema hakuolewa na mzigo wa kuning'iniza. Shangazi akamfungia machela yake, pana kuliko yangu. Tukitoka shambani tunajilaza barazani, miguu yake imeelekea kwangu, tunabishana nani ashuke akawashe moto. Mara nyingi anashuka yeye, ananisukuma makusudi akipita, nabaki nabembea.