Arvilla Tanksley Atafuta Watu Wake

Arvilla Tanksley alifanya kazi katika kiwanda cha soksi miaka thelathini na minne, na muda wote huo hakuna aliyemsikia akijivunia kitu ila jina lake. Baba yake alimwambia kwamba akina Tanksley walipewa ardhi ya Kijito cha Mulberry na mfalme wa Uingereza, kabla hata kaunti yetu hapa Virginia haijawa kaunti. Hakuolewa. Alimuuguza baba mpaka akamzika, dada yake akafia Ohio, na alipostaafu akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Katika kitabu cha simu cha kaunti nzima, Tanksley alikuwa yeye tu.

Ndipo akaanza kuja mahakamani kila Jumanne. Mimi nilikuwa karani wa chumba cha hati, tunapotunza madaftari ya ardhi na wosia tangu enzi za ukoloni. Mwandiko wa kale ulimpa taabu. Siku nyingine alimaliza kurasa mbili tu. Saa sita alikwenda kula mkate wake wa mahindi kwenye ngazi za nje, kisha akarudi palepale alipoishia.

Alianza na mzee Edmund Tanksley, aliyeandika wosia mwaka 1763. Edmund aligawa ardhi kwa wanawe, kisha vitanda, kisha ng'ombe, na katikati ya vitanda na ng'ombe akagawa watu aliowamiliki, kila mmoja kwa jina moja tu. Arvilla alinakili yote, na hayo majina pia. Mwana mmoja wa Edmund aliitwa Lewis. Upande wa chini wa ukoo, Arvilla alimjua babu wa babu yake, Burwell Tanksley, aliyeuza ekari sitini mwaka 1798, hati ikisema aliachiwa na Lewis kwa wosia. Akaona Burwell ni mwana wa Lewis, angekuwa nani mwingine? Ila huo wosia wa Lewis haukuwamo kwetu.

Katika miaka hiyo alimpata Garland Tanksley wa Richmond, mzao wa mwana mkubwa wa Edmund. Walikuwa wakiandikiana karibu kila wiki. Garland alimwita "binamu" na alikuwa akiandaa mkutano wa ukoo mzima. Nadhani hizo ndizo barua pekee alizopata Arvilla, ukiacha bili za umeme.

Mwaka wa tisa nikakumbuka kwamba sehemu ya kaunti yetu iliwahi kukatwa ikaunda kaunti jirani. Pengine Lewis alifia upande wa pili. Nikampeleka kwa gari langu, maana macho yake hayakuiamini tena barabara kuu. Wosia tuliukuta kabla ya saa nne asubuhi, wa mwaka 1791. Aliusoma, akaurudia, kisha akalisogeza daftari mbele yangu.

"Nisomee, Nadine. Labda miwani inanidanganya."

Haikumdanganya. Lewis alimwachia ekari sitini "Burwell, mwana wa Keziah Noblin, niliyekabidhiwa na kanisa nimlee, naye hutumia jina langu." Burwell alikuwa mtoto wa mwanamke maskini asiye na mume. Watoto wa aina hiyo wazee wa kanisa waliwagawa kwa wenye mashamba, wafanye kazi mpaka wakue.

Tuliingia mkahawani, akaagiza supu asiiguse. Nilimwambia huenda Lewis ndiye aliyemzaa Burwell, mambo hayo yalikuwapo.

"Angekuwa wake angesema. Mtu anayekufa anamwonea aibu nani?" Akakunja leso ya karatasi. "Kila masika nakwenda kung'oa magugu kwenye makaburi ya akina Tanksley. Miaka tisa, Nadine, nawalimia watu baki."

"Bi Arvilla, si lazima Garland ajue."

"Mimi najua," akasema.

Akamwandikia Garland, na nakala ya wosia ndani. Jibu lilichukua wiki tano. Garland alimshukuru kwa bidii yake, akasema mkutano ungekuwa wa wazao wa Edmund peke yao, akamtakia afya njema. Hakuandika "binamu". Aliandika "Bi Tanksley". Arvilla alinionyesha barua hiyo, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba, na Jumanne mbili hakuja. Jumanne ya tatu nikampigia simu. Alikuwa anaumwa mgongo, akasema, lakini sauti yake haikuwa ya mgongo.

Aliporudi, aliomba madaftari ya miaka ya 1770. Alikuwa akimtafuta Keziah. Nilijua itakuwa kazi ngumu, kwa sababu madaftari hayo ni ya wenye mali, na asiye na cha kuuza wala cha kuacha hupita humo bila kuacha alama. Miezi minane alimpata mara moja tu, shahidi kwenye hati ya mtu mwingine, mwaka 1782. Hakujua kuandika, kwa hiyo karani alinakili alama yake, mstari na vijiti viwili. Arvilla aliweka kidole pale, akakaa hivyo mpaka nikaona haya kumtazama, nikaenda kupanga faili.

Akina Noblin walikuwa wamebaki wawili watatu karibu na kiwanda cha mbao. Tukaenda kwa Otis Noblin, mzee wa miaka themanini, anayeishi na mbwa kwenye nyumba ya bati. Alitufungulia mlango nusu.

"Kama ni mambo ya kanisa, mama, nilishabatizwa na haikunisaidia."

"Sikuja kwa kanisa. Nadhani mimi na wewe ni ndugu."

Otis akamkagua juu mpaka chini. "Umechelewa. Urithi uliobaki ni huyu mbwa, na anauma."

Lakini alitupa kahawa. Hakujua lolote la nyuma ya babu yake, na jina la Keziah hakuwahi kulisikia. Arvilla alimweleza yote, naye akasikiliza huku akimkuna mbwa masikio. Arvilla alirudi mara mbili mwenyewe, kwa barabara za ndani, polepole. Walikuwa wakikaa barazani bila maneno mengi, aliniambia.

Februari Otis akafariki. Mazikoni tulikuwa mchungaji, jirani mmoja, Arvilla na mimi. Mwenye kampuni ya mazishi akauliza nani atie sahihi kama ndugu wa marehemu. Jirani akanitazama mimi, akidhani ndugu ni mimi.

Arvilla akavua glavu, akatia sahihi. Penye nafasi ya kueleza udugu alifikiri sana, akaandika "binamu". Kisha nikamrudisha kwake. Mvua ilikuwa imeanza, na taa ya barazani kwake haikuwa imewashwa. Aliniomba nisishuke nikalowa bure, akaenda mwenyewe hadi mlangoni.