Kabureta ya Johan

Petroli ikikaa muda mrefu ndani ya chuma hubadilika harufu. Inaacha kunuka petroli, inanuka vanishi iliyochacha, na ukiishika inaganda vidoleni hata unawe mara tatu. Juma lililopita jirani yangu alikuwa amefungua mashine yake ya kukatia nyasi, vyuma kavitandaza uani juu ya gazeti, nami nikapita na mifuko yangu ya dukani. Harufu ile ikanipiga. Niliweka mifuko chini nikakaa kwenye ngazi kama mgonjwa. Jirani akaniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama. Uongo mtupu. Nilikuwa nimerudi nyuma miaka kumi na tano, nimebeba kwenye begi la shule kitu ambacho kingeweza kumuua mdogo wangu.

Kwa wale ambao hamkukulia Uswidi, ngoja niwaeleze, msije mkadhani natunga. Huku mtoto wa miaka kumi na tano haruhusiwi kuendesha gari, lakini anaruhusiwa kuendesha trekta. Na Waswidi, watu wa sheria kwelikweli, wamekubali kwamba ukichukua gari la zamani, ukang'oa viti vya nyuma, ukaweka bodi dogo la mizigo kama la pikapu, ukabandika pembetatu nyekundu nyuma na kulifunga lisizidi kilomita thelathini kwa saa, basi limekuwa trekta. Ndiyo, trekta! Mambo hayo ni ya vijana wa mashambani zaidi, lakini hata kwetu Hagsätra, pembezoni mwa jiji, mwisho wa laini ya kijani ya treni, yalikuwepo mawili matatu. Moja lilikuwa langu.

Nililijenga na Baba. Yeye alikuja kutoka Iringa akiwa kijana, kujifunza ufundi wa malori, akabaki, akawa fundi wa mabasi. Alikuwa na hamu ya mtoto wa kumfundisha spana, akanipata mimi, na kwa kweli hakulalamika. Mwaka mzima tulikuwa gereji ya kukodi kila Jumamosi, mimi chini ya gari, yeye juu akinielekeza, Mama akisema binti gani huyu anayekwenda mafundisho ya kipaimara ananuka grisi. Breki tulizifanya mwanzo kabisa, kabla hata injini haijawaka. Halafu Baba akafunga giaboksi kwa bolti mbili ili gia kubwa zisiingie.

"Hizi bolti, Rehema," aliniambia, "ukizigusa tu, gari naliuza."

Mdogo wangu Elia alikuwa na miaka tisa, na gari lile lilikuwa dini yake. Kukaa kule nyuma kwenye bodi ni marufuku kwa yeyote, lakini ndani ya uwanja wa gereji nilimruhusu, polepole, naye alishika vyuma kwa mikono miwili akicheka mpaka kwikwi inamshika. Nilipenda kumchekesha hivyo. Nawaambia haya mapema ili mjue kwamba sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mjinga, basi.

Ujinga ulianza kwa kutaniwa. Jumamosi jioni vijana wenye magari kama langu walikutana kwenye maegesho, na karibu wote walikuwa wameshachezea magari yao ili yakimbie zaidi. Langu walilibatiza "kigari cha bibi," vile vigari vya magurudumu manne ambavyo wazee wa huku husukuma wakitembea. Kila nikifika waliiga sauti ya bibi akihema. Iliniuma jamani! Niliapa watanyamaza. Bolti mbili nilijua zilipo, na nilichokosa ni kabureta kubwa zaidi, ile yenye midomo miwili, ili injini inywe hewa na petroli kama mtu mwenye kiu. Nikaona tangazo kwenye mtandao: kabureta, imetumika kidogo, mwenye kuitaka aje Sundbyberg. Pesa nilizozawadiwa kwenye kipaimara zilikuwa bado hazijaguswa.

Nilikwenda siku ya Jumanne baada ya shule, mwezi wa Novemba, saa tisa na nusu alasiri na giza limeshaingia. Nilibadilisha treni katikati ya jiji, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Kabla sijabonyeza kengele mlango ukafunguka. Mwenye kuuza, mama mmoja, alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, ananisubiri. Alikuwa mwembamba, nywele zimefungwa kwa mpira wa jikoni, na hakutabasamu. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha mahali ambapo hata redio imeondolewa. Mezani kulikuwa na mshumaa unaowaka kando ya picha ya watoto wawili ufukweni, wakati wa kiangazi. Mshumaa haukunishtua, maana Novemba huku kila dirisha lina mshumaa.

Kabureta ilikuwa juu ya gazeti. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, ila harufu haikukubali kutoka.

"Ilikuwa ya mwanangu, Johan," alisema. "Haihitaji tena."

Aliniuliza hili na lile, nami nikajibu kama mtoto anavyomjibu mwenye duka, macho yapo kwenye bidhaa. Akaifunga kwa taulo la jikoni, akazungusha kamba, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga upya. Aliponipa hakuachia, tukawa tumeishika wote wawili, mimi navuta kidogo kwa adabu, yeye ananitazama usoni. Nywele zilinisimama, nami nikajiambia ni baridi ya mlangoni. Kisha akaachia. Nilishuka zile ngazi mbiombio, na furaha niliyokuwa nayo, wee!

Nyumbani niliisukuma chini ya kitanda. Chumba tulilala wawili, mimi na Elia, kwa hiyo siri ikawa ya watu wawili. Alilala kifudifudi akaichungulia kama ni paka aliyezaa.

"Jumamosi nitakaa nyuma?" aliuliza kwa Kiswidi. Elia hakuwahi kujibu wala kuuliza kwa lugha nyingine kama wazazi hawapo.

"Jumamosi utakaa nyuma," nikamwambia, "na utashika sana."

Akacheka. Lakini juma lile halikukaa sawa. Harufu ilijaa chumba chote, ikaingia kwenye mito na kwenye sare yangu ya mazoezi, na kila nilipoinama kuitazama niliona kama imesogea, imekaribia upande wa kitanda cha Elia. Najua chuma hakitembei. Ndivyo nilivyoona.

Alhamisi Mama aliingia kuchukua nguo chafu, akasimama mlangoni na kunusa.

"Mna nini humu? Mnataka tuungue?"

Aliikokota hadi jikoni, na Baba ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu. Nilijiandaa kwa moto. Baba alifungua kamba, akavaa miwani, akaigeuza ile kabureta huku na huku, akapitisha kidole kwenye sikio moja la chuma lililokuwa na ufa. Akachukua bisibisi nyembamba, akachokoa ndani, akainamisha juu ya kisahani na kugonga. Zikadondoka punje ndogo za kioo, kubwa kidogo kuliko chumvi ya mawe.

"Hii imetoka kwenye gari lililobiringika," alisema. "Umeinunua kwa nani?"

Nikamweleza. Akataka kujua mwenye kuuza alisemaje hasa, na mle ndani niliona nini. Nikasema Johan haihitaji tena. Nikasema mshumaa, na picha. Mama akakaa kwenye kiti, mkono mdomoni. Hapo ndipo hasira ya Baba ilipokuja, na haikuwa ile niliyojiandalia.

"Umeingia nyumba yenye msiba," alisema, "ukapatana bei, ukatoka, hujampa mama wa watu hata pole? Tumekulea wapi sisi?"

Jumamosi ile ile niliyompangia Elia, tulikwenda Sundbyberg wote wanne. Mama alisema Waswidi hawatembelewi hivihivi, lazima upige simu, mpange siku. Baba akasema msiba haupigiwi simu. Alivaa koti lake la mazishi. Mama alikaanga maandazi, Elia akapewa kubeba bakuli lenye mfuniko, na mfuko wenye kabureta aliushika Baba mwenyewe, ili kama mama yule anajuta kuiuza, arudishiwe. Ndani ya treni watu walitutazama.

Mlango ulipofunguka, Baba alivua kofia.

"Mimi ni baba yake Rehema, msichana aliyekuja Jumanne. Hakujua. Tumekuja kukupa pole, mama Johan. Pole sana kwa kijana wako." Alisema kwa Kiswidi chake cha gereji, ila neno pole alilitamka kwa Kiswahili, maana Kiswidi hakina la kutosha.

Nyuma ya yule mama, kutoka chumba cha ndani, tukasikia hatua: moja nzito, moja ya kuburuta. Akatokea kijana wa kama miaka ishirini, ameegemea fimbo.

"Kuna nani?" aliuliza.

Mama yake hakugeuka. "Johan ni huyu," alituambia. "Aliyekufa ni Elsa. Mdogo wake. Alikuwa na miaka minane. Alikaa nyuma, kwenye bodi."

Mama yangu alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba, mtu ambaye hajawahi kukosa neno msibani wala harusini, akawa anaizungusha kofia mkononi.

Johan alikuwa ameuona mfuko. Taulo lilikuwa limechungulia juu, akalitambua. "Mama," alisema, "uliniambia umeitupa."

Mama yake alikuwa anamtazama Elia na bakuli lake la maandazi. Kisha akamwambia Baba, kwa sauti tambarare kama anasoma mita ya umeme:

"Nilimuuliza binti yako kama ana mdogo. Akasema anaye, ana miaka tisa, na anapenda kukaa nyuma. Nikamfungia kabureta nikampa hata hivyo."

Ni kweli alikuwa ameniuliza. Nilikuwa nimesahau kabisa, sikuona swali lile lina maana gani. Nilimwona Baba akishusha mkono wake wa kushoto na kuuweka nyuma ya shingo ya Elia.

"Pole, mama," Baba alisema tena. "Tunaweza kuingia?"

Tukaingia. Tukakaa saa nzima! Kahawa ikachemshwa, maandazi yakaliwa, Mama akaomba kuiona picha vizuri, akaambiwa Elsa aliogopa nyuki na alipenda samaki. Johan alikaa mbele yangu. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Hujaifunga kwenye gari bado?" Nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa, na hakuniangalia tena. Mama yake alimmegea andazi akamwekea kwenye sahani, kama anavyofanyiwa mtoto, naye akala. Mfuko ulibaki kando ya mlango na hakuna aliyeutaja. Tulipoondoka Baba aliuchukua, na Jumatatu akautupa kazini kwenye pipa la vyuma chakavu.

Sasa niwaambie ukweli. Kwa jambo hili nilimkasirikia Baba miaka mingi kuliko nilivyomkasirikia yule mama. Mtu amenitazama usoni, akajua ninachokipeleka nyumbani na nani atakaa nyuma, akakifunga kwa taulo la jikoni akanipa. Na Baba anampa pole mara mbili, anakunywa kahawa vikombe viwili, anamsifia mimea yake ya dirishani! Niliona ni unyonge, ile adabu ya wageni wasiotaka kuudhi mtu. Nilipofika miaka ishirini nilimwambia hivyohivyo, kwa Kiswidi, ili iume. Akaniuliza, "Ulitaka nimfanye nini?" na akaendelea kukata vitunguu.

Nina binti sasa, ana miaka saba. Kiangazi kilichopita mtu mmoja alirudisha gari kinyumenyume kwenye maegesho bila kutazama, akamkosa kwa hatua moja. Nilimvuta, akapona, hakuna kilichotokea. Yule mtu alishuka akaniomba msamaha, analia. Nami nikasimama pale, mkono mmoja umemshika mwanangu, nikijua kwamba nikiuachia ule mkono nitamfanya yule mtu kitu ambacho sitaweza kukirudisha. Nilimwambia hakuna shida. Sauti yangu ilitoka nzuri, ya heshima, mtu angedhani ni muungwana anayeongea.

Siku ile ya Sundbyberg, tukirudi, Elia alilalamika ndani ya treni kwamba shingo inamuuma. Mama akamfungua skafu na kumgeuza kwenye mwanga. Nyuma ya sikio, kushuka hadi begani, kulikuwa na alama nne nyekundu za vidole, na ya tano upande wa pili. Saa nzima Baba alikuwa ameshika kikombe mkono wa kulia, Elia mkono wa kushoto. Mimi nilicheka, nikamwambia Elia amepigwa mhuri. Baba alikuwa ameangalia dirishani, na nje hapakuwa na cha kuangalia, tulikuwa ndani ya handaki. Alama zile zilikaa siku tatu ndipo zikafutika.