Masweta ya Upande wa Kulia wa Ramani

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ramani, maana hakuanza somo bila kutundika ile ramani yake ya dunia iliyotafunwa kona na panya. Mito na milima aliijua kama vidole vya mkono wake. Lakini mtaala ulipoleta mada mpya, utandawazi na utunzaji wa mazingira, alibaki akikuna kichwa. Maneno ya kitabuni yalimkwama hata yeye mwenyewe.

Asubuhi moja ya baridi akapata wazo.

"Vueni masweta," aliwaambia. "Geuzeni shingo, someni lebo."

Darasa likawa soko. Karibu kila lebo ilitaja nchi ileile ya mbali, upande wa kulia kabisa wa ramani. Watoto wakachora mishale ya penseli kutoka huko mpaka hapa, bahari nzima ikajaa mistari. Mwalimu akawaeleza habari za meli, mafuta zinayochoma na moshi unaobaki angani.

"Sasa tufanyeje?"

"Tununue vya hapahapa!" wakaitikia kwa pamoja.

Mkuu wa shule, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliingia akampa mkono. Siku hiyo Mwalimu Ramani alirudi nyumbani kifua mbele.

Baada ya wiki mbili hivi alikwenda kumjulia hali dada yake mkubwa, aliyekuwa akifuma masweta kwa mashine katika chumba cha uani na kumuuzia mwenye duka mmoja mjini. Alimkuta kakunja uso, marobota mawili yamezuia mlango.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, ukipata pa kukaa. Duka limenirudishia mzigo."

"Umeharibika?"

"Uharibike wapi! Eti kina mama hawanunui. Watoto wao wanawaambia masweta haya yametoka mbali, yanachafua hewa. Kuna mwalimu huko kawajaza upepo. Nikimtia mkononi huyo!"

Mwalimu akainamia robota. Akachomoa sweta moja, akageuza shingo. Lebo ileile, nchi ileile.

"Dada, si unayafuma wewe haya?"

"Nani mwingine? Lebo nazinunua kwa mita. Mwenye duka alisema bila lebo ya nje hayatoki."

"Kwa hiyo unadanganya watu."

"Nadanganya nini? Uzi umetoka huko. Mashine imetoka huko, sindano pia. Cha hapa ni huu mgongo wangu unaouma. Haya, msomi, niambie: hili sweta ni la wapi?"

Mwalimu akalikunja sweta, akalirudisha robotani.

"Mwalimu mwenyewe ni mimi, dada," alisema.

Dada alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Kicheko kikakatika ghafla. "Basi nenda karekebishe. Na jina langu usilitaje."

Jumatatu akatundika ramani tena. Akawaambia watoto kwamba masweta mengine yamefumwa hapahapa mjini, hata kama lebo zinataja nchi ya mbali.

"Tufute mishale?"

"Futeni."

Msichana wa dawati la mbele hakugusa kifutio. "Na uzi, mwalimu?"

"Uzi umetoka mbali."

"Basi wangu ni mshale wa uzi. Naubakisha."

"Na huo uzi, manyoya yake yametoka wapi?" akadakia mwingine.

Wengine walifuta, wengine wakachora upya, wengine wakachora na kufuta palepale, mpaka karatasi ikatoboka katikati ya bahari.

"Sasa tununue au tusinunue?" mtoto wa nyuma akauliza, karibu alie.

Mwalimu Ramani akakaa juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya darasa. "Sijui," alisema. "Ninachojua ni kwamba aliyefuma anaishi hapa."

Mkuu wa shule alipomuuliza mada imeishaje, alijibu kwamba haijaisha, akapita haraka.

Dada naye alifumua lebo katika robota moja, akaliacha la pili kama lilivyokuwa. Mwenye duka alichukua lile lenye lebo, kwa shingo upande. Lile lisilo na lebo dada analiuza mwenyewe mlangoni: leo anauza mawili, kesho hauzi hata moja. Dada analaumu lebo, mwalimu analaumu somo lake. Lakini joto nalo limesharudi, masweta hayavaliwi sana, na hakuna aliye na hakika ya lolote.